Ufuta wa Msimu Mmoja

Muhogo unaweza kufa huku umesimama. Majani hubaki mabichi, shina hunyooka, na mpita njia husema shamba hili limekubali. Ni mpaka uuchimbe na kuukata kwa kisu ndipo unapokutana na michirizi ya kahawia, mikavu kama kizibo cha chupa, imepenya hadi kwenye kiini. Somoe Chande alivuna muhogo wa namna hiyo misimu miwili mfululizo huko Mpapura. Alikata, akatupa kilichooza, akaanika kilichobaki, na kila mwaka kilichobaki kilizidi kupungua. Mwishoni mwa miaka ya tisini watu wengi kule walikuwa wakikata na kutupa hivyo hivyo, kisha wakichukua mashina ya muhogo ule ule mgonjwa na kuyapanda tena, maana hawakuwa na mengine.

Shamba lilikuwa lake kwa namna ya kusema tu. Lilikuwa la ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake alikuwa Mjomba Rajabu, kaka mkubwa wa mama. Somoe alizaliwa Mikindani kwa baba mvuvi, akaolewa huko huko, akaachwa, akarudi kwa wajomba zake akiwa na binti yake Shamimu mgongoni na sufuria mbili. Mjomba Rajabu alimwonyesha mteremko ule, kutoka kwenye kichuguu hadi kwenye bonde, akamwambia, "Lima." Hakusema zaidi. Kwa desturi ya ukoo, mpwa aliyepewa kulima hupanda mazao ya msimu: muhogo, mtama, kunde. Mti hapandi. Mti ni wa aliyeupanda, na ardhi iliyo chini yake huufuata mti. Siku mjomba mtu atakapotaka kupanda mikorosho, mpwa hufunga jembe lake na kuondoka bila kulalamika.

Kwa miaka mingi hakuna aliyetaka kupanda. Mikorosho ilikuwa imeachwa porini, imefunikwa na magugu, watu wanakata matawi yake kuchoma mkaa. Kisha bei ikarudi, na kila ukoo ukaanza kukumbuka mipaka yake. Issa, mdogo wake Mjomba Rajabu, alirudi kutoka Ufukoni, mjini, alikokuwa amekaa muda mrefu akifanya kazi hii na ile. Alirudi na redio, na suruali yenye mifuko mingi, na neno moja mdomoni: mikorosho. Alizunguka mashamba yote ya ukoo. Alipofika kwenye mteremko wa Somoe alisimama muda mrefu, akiwa amejishika kiuno.

Jioni ile Somoe alikwenda nyumbani kwa Mjomba Rajabu kabla hajaitwa.

Mzee alikuwa amekaa karibu na kichanja chake cha kuanikia, kichanja kirefu cha fito, ambacho siku hizo kilikuwa kitupu. Alikuwa mtu wa hasira fupi na ugoro mwingi. Issa alikuwa pembeni yake, na Modesta alikuwepo pia, mke wa Danieli. Huyo alikuwa Mngoni wa Songea aliyeletwa Mpapura na mumewe aliyekuja na kazi za barabara na kusahau kuondoka. Wangoni na Wamakonde ni watani tangu enzi za vita vyao, na Modesta aliutumia utani huo kama ufunguo wa nyumba zote. Alikuwa amekuja kuomba chumvi, au kutukana, au vyote viwili.

"Mjomba," Somoe alisema, "muhogo umeoza tena."

"Umeoza au umekuozea wewe?" alidakia Issa.

"Umemwozea kila mtu. Bwana shamba anasema ugonjwa unasafiri ndani ya mashina tunayopanda. Nataka niyang'oe yote, niyachome moto, ardhi ikae msimu mmoja bila kuuona muhogo. Mwakani nitafute mbegu safi kwingine."

"Na msimu huo mmoja shamba lilale?" Mzee alipiga chafya ya ugoro. "Watu waseme Rajabu ana ardhi ya kulaza?"

"Halilali. Nitapanda ufuta."

Issa alicheka. "Ufuta! Mjomba wako anakufa njaa, wewe unamletea kashata."

"Kashata zinauzwa," alisema Somoe. Alikuwa amekua akimwona shangazi yake wa Mikindani akikaanga ufuta kwenye sufuria ya sukari, na alijua wanunuzi walivyoutafuta na kuung'ang'ania. "Halafu nguruwe wa porini hawaugusi. Muhogo tunalinda usiku kucha, ufuta wanaupita kama hawauoni."

"Hata nguruwe wameukataa," Modesta alisema, "na nguruwe wa huku nimewaona wakila vya Wamakonde, kwa hiyo wana uvumilivu."

Mjomba Rajabu hakucheka. Alitazama kichanja chake kitupu. Alikuwa mtu aliyependa kuona chakula kimelala pale. Kichanja kilichojaa kilikuwa ndiyo heshima yake, na alikuwa hajakiona kimejaa tangu muhogo ulipoanza kuoza.

"Msimu mmoja," alisema mwishowe. "Ufuta ukikijaza kichanja hiki, shamba ni la kwako mpaka utakapozeeka, na mwanao baada yako. Usipokijaza, Issa atachimba mashimo yake. Modesta, wewe ni mtu baki, umesikia."

"Mimi sisikii maneno ya Wamakonde," alisema Modesta. "Nipeni chumvi niende."

Mashina ya muhogo yaliwaka kutwa nzima. Shamimu, ambaye alikuwa amekwisha kuwa msichana wa kuolewa, alilia kwa moshi na akasema ni moshi tu. Mvua zilipotulia, Somoe alichanganya mbegu za ufuta na mchanga ili mkono usizimwage zote mahali pamoja, akazipanda kwenye mistari. Zilipoota alizipunguza, akang'oa mche na kuacha mche, na kila mche alioung'oa ulimuuma kama aliyeng'oa jino zima. Akapalilia. Akapalilia tena. Maua yalipotoka, meupe yenye wekundu kwa mbali, mteremko ulijaa nyuki na watu walianza kupitia njia ile ingawa ilikuwa ndefu zaidi.

Issa naye alipita. Asubuhi moja Somoe alikuta vijiti vimechomekwa katikati ya ufuta, kimoja hapa, kingine hatua nyingi mbele, kwenye mistari iliyonyooka kutoka kichuguuni hadi bondeni. Kila kijiti kilikuwa mahali pa mkorosho. Hakuving'oa. Alipalilia kuvizunguka, na ufuta ulipokua ukavimeza, lakini yeye alijua kila kimoja kilipo, kama mtu anavyojua mwiba uliobaki ndani ya unyayo.

Ufuta una ubishi wake. Hauanguki kwa upepo, haulilii mvua nyingi, lakini ukikomaa hausubiri mtu. Maganda ya chini hukauka kwanza na kupasuka vinywa, wakati ya juu bado mabichi. Ukiwahi kukata, mbegu za juu ni maji. Ukichelewa, za chini zimekwisha mwagika, na ufuta uliomwagika hauokotwi. Ni mdogo kuliko chawa na una rangi ya mchanga. Kati ya mapema na kuchelewa pana nafasi finyu, na katika jua la mwezi wa sita nafasi hiyo huzidi kubana. Lazima ukatwe, ufungwe matita, matita yasimamishwe wima kama watu wanaoegemeana, mpaka yakauke yote. Ndipo yanapogeuzwa juu ya turubai na kukung'utwa.

Somoe alikuwa akikagua kila siku. Jioni moja alibonyeza ganda la chini kwa kidole gumba, likafunguka lenyewe.

"Kesho," alimwambia Shamimu. Walinoa miundu miwili. Wakachuna magome ya kufungia, wakayaloweka yawe laini. Somoe alikuwa anayakunja magome aliposikia yowe kutoka upande wa nyumba ya Mjomba Rajabu. Kwanza la mwanamke mmoja, kisha la wengi. Aliweka magome chini. Alijua kabla hajafika.

Mzee alikuwa ameanguka akitoka kuswali, na hakuamka.

Mahali pale, mtu akifa, majembe yanalala. Hakuna anayekwenda shambani mpaka matanga yaanuliwe, na aliye wa damu ndiye wa mwisho kugusa chombo. Mpwa anayekatiza msiba wa mjomba wake kwenda kuvuna ni sawa na aliyemchimbia kaburi. Hata Mungu akimsamehe, ukoo hautamsamehe. Somoe alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo, miguu imenyooshwa, kanga kichwani. Alimlilia mjomba wake kwa kweli. Alikuwa mtu mkali, lakini ndiye aliyesema "lima" wakati wengine wote walikuwa wakitazama pembeni. Na chini ya kilio hicho kulikuwa na kitu kingine alichokionea aibu: alikuwa anasikiliza jua. Kila lilipopanda, aliona moyoni mwake maganda yakipasuka, moja baada ya jingine, bila sauti.

Shamimu alisogeza mdomo karibu na sikio lake. "Mama, niende mimi? Nipitie bondeni, hakuna atakayeniona."

"Miguu yako itaonekana kwenye mchanga."

"Utamwagika wote, mama."

"Najua."

"Sasa tufanye nini?"

"Tukae."

Aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa ni Issa. Alisimama uani, kanzu mpya, akipokea mikono ya watu. Alipopita karibu na mkeka wa wanawake aliinama kidogo, sauti yake ya upole, ya kumfariji mfiwa.

"Ufuta unaendeleaje, mpwa wangu? Nimepita pale leo asubuhi nikitoka kuwaita watu. Naona ndege wanakusaidia kuvuna."

Issa alijua alichokuwa anakisema. Somoe akienda shambani, amevunja msiba, na aliyevunja msiba hana shamba. Akikaa, kichanja kitabaki kitupu, na neno la marehemu litatimia kwa upande wa Issa. Njia zote mbili zilifika kwenye vijiti vile.

Jeneza lilipotoka ndani, Modesta alikuwa amelala kifudifudi katikati ya njia ya kutokea uani. Alikuwa amejipaka majivu usoni na kuvaa gunia.

"Haendi mtu!" alipiga kelele. "Rajabu, amka! Umekufa makusudi ili usinipe ugoro? Mnampeleka wapi Mmakonde huyu mchoyo? Ardhi itamtapika!"

Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Ndivyo ilivyo, mtani hufanya kazi hiyo, kumfungulia mfiwa kifua. Na mtani hulipwa. Kitu kidogo tu, jogoo, kanga, hata kiko cha marehemu, ili ainuke na kupisha. Danieli na jamaa zake walikuwa wamesimama nyuma ya Modesta, nao wamepaka majivu, wanasubiri.

Issa aliwatazama. "Inukeni," alisema. "Mambo haya yamepitwa na wakati. Tuna maiti hapa."

"Haki yetu, mtani," alisema Modesta.

"Hakuna haki. Hayamo katika dini, wala mjini hatufanyi. Inuka, mama."

Waliobeba jeneza walitazamana. Mzigo ulikuwa mabegani na aliyeulalia njia alikuwa hajapewa kitu. Hata imamu, mtu mpole wa Mpapura, aliangalia vidole vyake. Modesta aliinuka taratibu, akajipangusa magoti.

"Mmetunyima," alisema bila kupiga kelele sasa, na hilo lilitisha zaidi. "Haya. Zikeni mtu wenu. Sisi tutajilipa wenyewe."

Asubuhi iliyofuata Somoe alikuwa mkekani wakati sauti za kuimba zilipotoka upande wa bonde. Nyimbo za Kingoni, za vita, zilizoimbwa kwa dharau. Watu waligeuka. Modesta ndiye aliyekuwa mbele, na kichwani amebeba tita kubwa. Nyuma yake Danieli, na nyuma yake jamaa wengine na wake zao, kila mmoja na tita lake.

Ulikuwa ni ufuta.

"Tumeteka!" Modesta aliimba. "Wamakonde wamelala msibani, Wangoni wameteka! Hivi ndivyo babu zetu walivyofanya, na nyinyi mkakimbilia milimani!"

Mtu fulani alisema, "Ufuta wa Somoe," na jina lake likazunguka uani. Somoe alitaka kusimama, lakini hakusimama. Ndipo alipoona kuwa matita yalikuwa yamebebwa kichwa chini. Danieli alikuwa ameshika lake kama mtu anayebeba kuni, na kutoka kwenye maganda yaliyopasuka mbegu zilitiririka mgongoni mwake, zikaacha mstari mchangani nyuma yake, njia nzima kutoka bondeni. Kila hatua yao ilikuwa inamwaga shamba lake.

Hakuruhusiwa kugusa chombo. Hakuruhusiwa kutoa amri ya kazi. Lakini mtani anaweza kutukanwa popote, hata mbele ya maiti, na hakuna anayelaumiwa. Somoe alifungua mdomo wake.

"Wee Mngoni mwizi! Babu yako alifundishwa kubeba rungu tu, mzigo hakuujua! Mtoto wako ulimbeba kichwa chini miguu juu? Ndiyo maana una akili za kumwagika!"

Modesta alisimama. Akamtazama Somoe usoni, kitambo tu. Kisha akaligeuza tita lake, maganda yakaelekea juu.

"Hivi, bibi harusi?"

"Na huyo mumeo! Mwambie anyooke! Anatembea kama anacheza ngoma, kila anapotikisika anatema kama mlevi!"

"Danieli, umesikia? Tembea kama bwana harusi."

Uani watu walikuwa wakicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wangoni walirudi bondeni, wakaja tena, wakaenda, wakaja. Kila safari Somoe aliwatukana kutoka mkekani mpaka sauti ikakwaruza: wasikate juu sana, waache maganda mabichi yaivie ndani ya tita, wafunge kiunoni na sio shingoni. Yote aliyasema kama matusi. Ya ukoo wao, ya pua zao, ya njaa yao. Shamimu alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na haikujulikana analia au anacheka.

"Mtayaweka wapi hayo?" aliuliza Issa.

"Mateka huwekwa mahali mwenyewe anapoyaona," alisema Modesta, na akaegemeza tita lake la kwanza kwenye kichanja cha marehemu. Wengine wakafuata. Matita yalisimama wima, yakaegemeana, safu baada ya safu, mpaka fito za kichanja hazikuonekana tena, na mengine yakasimama chini, yakiegemea miguu yake. Watu wa Mpapura waliutazama mlima ule wa kahawia na kijani. Wengi walikuwa wamesikia neno la Mjomba Rajabu. Maneno kama hayo hayakai nyumba moja. Hakuna aliyelitaja.

"Sasa," Modesta alisema, akijipepea kwa ncha ya gunia lake. "Mwenye mali akomboe. Jogoo mmoja. Asipokombolewa jua likitua, tunakwenda nao kwetu, tukale kashata tukimkumbuka Rajabu."

Macho yote yalimwendea Issa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Jogoo wake mwekundu, aliyemleta kutoka Ufukoni kwenye tenga, alikuwa anaparua chini ya mwembe. Issa alimtazama jogoo. Akatazama kichanja. Alikuwa amewanyima watani mbele ya jeneza, na sasa kuwapa jogoo wake mbele ya watu wale wale, kwa ajili ya zao alilolicheka, lilikuwa tendo ambalo hakuweza kulimeza.

"Kwani ufuta ni wangu?" alisema. "Ufuta ni wa Somoe. Akomboe mwenyewe."

Aliyasema kwa sauti, mbele ya imamu, wajumbe, mke wa marehemu aliyekuwa akisikiliza mlangoni, na ukoo mzima.

Ndipo Issa mwenyewe alipoanza kuyasikia maneno yake. Uso wake ulibadilika polepole, kama maji yanayopoa.

"Umesema ni wa nani, mtani?" Modesta aliuliza. "Mimi masikio yangu ni ya Kingoni."

Imamu ndiye aliyejibu, macho yake yakiwa kwenye kichanja. "Amesema ni wa Somoe. Sote tumesikia."

"Shamimu," Somoe alisema, bila kuinuka, "nenda nyumbani ukamkamate jogoo."

Matanga yalianuliwa. Ufuta ulikaukia pale pale kichanjani, na ulipokung'utwa haukuwa mwingi kama ulivyopaswa kuwa. Sehemu yake kubwa ilikuwa imebaki njiani, migongoni mwa Wangoni na kwenye mchanga. Ulitosha. Kichanja kilikuwa kimejaa ufuta wa Somoe, na Issa hakudai tena shamba. Siku moja alipokwenda kusafisha mabua alikuta vijiti vimeng'olewa. Vyote, isipokuwa kimoja kule bondeni, kilichosahauliwa au kilichoachwa. Hakujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Mbegu za muhogo alizitafuta mbali, upande wa juu, mahali ambapo muhogo ulikuwa bado mzima, akazibeba kwa baiskeli ya kukodi. Akapanda muhogo kwenye mteremko mzima. Mvua iliponyesha, kati ya mashina ya muhogo iliota miche midogo ambayo hakuipanda, hasa kando ya njia ya kutokea bondeni. Ilikuwa ufuta ule uliomwagika. Aliuacha.

Mwaka uliofuata, siku ya kuchimba shina la kwanza, Modesta alikuja bila kualikwa. Muhogo ulitoka mnene, maganda yake safi. Somoe aliufuta udongo, akauweka juu ya jiwe. Nje ulikuwa mzuri. Lakini hata ule uliooza ulikuwa mzuri kwa nje, miaka yote miwili. Kisu kilikuwa mkononi mwake na hakikushuka.

"Unangoja nini, Mmakonde?" alisema Modesta, lakini naye alikuwa amechuchumaa karibu sana, na utani ulikuwa umemtoka usoni. "Kata."

Somoe alikata.

Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiini.